Baba mkwe anawatupia nguruwe kuku waliokufa, naogopa mafua ya ndege

SWALI

Shikamoo daktari, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Kyela, mume wangu yupo Chunya kwenye machimbo na anarudi kila baada ya miezi miwili hivi, kwahiyo mji nauangalia mimi pamoja na wakwe zangu, tunaishi uwanja mmoja. Nina kuku chotara 64, yaani nilikuwa nao 64, bata 11 na nguruwe wanne, mmoja ni jike ana mimba anategemewa kuzaa mwezi ujao. Banda la kuku lipo juu na la nguruwe lipo hapohapo chini yake kwa pembeni, wametenganishwa na mabanzi tu, mbolea ya kuku inadondokea upande wa nguruwe na wao wanaichakura wanakula. Wakati tunajenga tuliona ni akili maana eneo letu ni dogo na mvua zikija maji yanajaa kila mahali.

Sasa Ijumaa ya wiki jana asubuhi nimefungua banda nikakuta kuku watano wamelala chini wamekufa, na jioni yake walikula vizuri tu. Jumamosi saba. Mpaka Jumatatu nimehesabu 23. Wengine ule upanga wa kichwani umekuwa rangi ya zambarau, kichwa kimevimba, na miguu ina vidoa vyekundu kama damu imevia kwa ndani. Wengine wanaharisha kijani. Bata hawana shida yoyote, wanashinda kwenye majaruba ya mpunga huko pamoja na yangeyange na bata wa porini, jioni wanarudi wanalala na kuku.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Baba mkwe ndo anaamka mapema kuliko wote, anaokota wale kuku waliokufa anawatupia nguruwe, anasema hasara isiwe mara mbili, nguruwe hachagui na toka zamani wamefanya hivyo. Nilikuwa jikoni dirishani nikamuona yule jike mwenye mimba kamshika kuku mzima mdomoni anamtikisa, manyoya yamemganda puani kote. Nilibaki nimesimama tu na mwiko mkononi. Daktari, sisi Wanyakyusa mkamwana hamsogelei baba mkwe, mimi nikikutana naye njiani napisha pembeni nainama, tangu niolewe 2014 sijawahi kumtazama machoni, nitaanzia wapi kumwambia baba unachofanya ni hatari.

Halafu nimesoma kwenye simu kwamba Marekani kuna mtu alifuga kuku na nguruwe pamoja na nguruwe wakakutwa na mafua ya ndege, na kwamba yakiingia kwa nguruwe yanaweza kugeuka yakawa ya watu. Nikachanganyikiwa kabisa. Jirani mmoja ananiambia uza nguruwe haraka kabla hawajafa, na kuna mnunuzi kutoka Mbeya yupo tayari kuwachukua wote kwa bei ya kutupa. Mwingine anasema chinja wote uwachome. Nikimuita bwana mifugo naogopa atakuja na watu waue kila kitu, na hao nguruwe ndo ada ya mwanangu wa kwanza.

Na jambo la mwisho, kijana wangu wa miaka 9 ndo anawapelekea nguruwe pumba kila siku, anatumia ndoo ileile ya kuwanyweshea kuku, na toka juzi ana mafua na anakohoa. Naomba unijibu mapema.

Mama wa watatu, Kyela

JIBU

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kuku 23 kwa siku nne ni pigo kwa mtu yeyote, na wewe unalibeba peke yako.

Nianze na mtoto, umemweka mwisho wa barua lakini kwangu ndo wa kwanza. Leo hiihii mpeleke kituo cha afya, usingoje kesho. Uwezekano mkubwa ni mafua ya kawaida tu haya yanayozunguka mashuleni, ila mwambie nesi au daktari wazi kwamba nyumbani kuku wamekufa wengi kwa ghafla na mtoto amekuwa akiingia bandani, maana usiposema atapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa. Na ninyi wengine wote mliogusa wale kuku, baba mkwe akiwemo, jiangalieni kwa siku 10 kuanzia siku ya mwisho mliyowagusa, mtu akipata homa, kikohozi, kubanwa kifua au macho kuwa mekundu aende na aseme hivyohivyo. Macho mekundu nayasisitiza kwasababu wafanyakazi wengi wa mashamba ya kuku na ng'ombe wa maziwa walioambukizwa Marekani mwaka 2024 walianza na macho, watu wanadhani ni vumbi.

Kuanzia sasa kijana asikanyage banda la nguruwe mpaka apone kabisa. Hapa naomba unielewe vizuri, simkatazi kwa kuogopa nguruwe watamuambukiza yeye tu, nakataza pia asiwaambukize wao. Mafua ya binadamu nguruwe anayapata, tena kirahisi, na hapo ndipo ilipo hofu yote uliyoisoma kwenye simu.

Kirusi cha mafua kinahitaji mlango wa kuingilia kwenye mwili. Mafua ya ndege yana mlango wake na mafua ya watu yana wake, ndo maana kuku anaweza kufa na ugonjwa mkali na majirani wote wakabaki wazima. Nguruwe yeye kwenye njia yake ya hewa ana milango ya aina zote mbili. Sasa chukulia jike wako amekula kuku mwenye mafua ya ndege, na wiki hiyohiyo mtoto mwenye mafua ya watu amemkoholea wakati anamwagia pumba. Virusi viwili vimekutana ndani ya mnyama mmoja. Kila kimoja kina vipande 8 vya maelekezo ya namna ya kujijenga, na vikiwa kwenye chembe hai moja ya mwili vinaweza kubadilishana, kipande hiki cha kwako kile cha kwangu, kama watu wawili walioanua nguo kwenye kamba moja gizani, kila mmoja akaondoka na za mwenzake. Kinachotoka kinaweza kuwa kirusi kipya, kina ukali wa huku na uwezo wa kusambaa kwa watu wa kule, na hakuna mtu mwenye kinga nacho.

Hilo la kuchanganyika sio nadharia. Ile homa ya mafua ya nguruwe ya 2009, iliyoanza kuonekana Mexico na Marekani mwezi wa nne na kufikia mwezi wa sita Shirika la Afya Duniani likatangaza ni janga la dunia, kirusi chake kilikuwa na vipande vilivyotoka kwa nguruwe, kwa ndege na kwa binadamu. Hicho hakikuwa kikali kama mafua ya ndege aina ya H5N1, na bado kiliua watu wengi sana duniani. H5N1 yenyewe pale ilipomuangukia binadamu kwa mara ya kwanza, Hong Kong mwaka 1997, waliugua watu 18 wakafa 6, na toka 2003 mpaka sasa walioripotiwa dunia nzima wamepita 900 na karibu nusu yao wamekufa. Kitu kimoja tu ndo kimetusalimisha, haijajua kusambaa kwa urahisi mtu kwa mtu. Sisi wafugaji tusiipe mahali pa kujifunzia.

Habari uliyoisoma ni ya kweli. Ni jimbo la Oregon, mwishoni mwa mwezi wa kumi 2024, shamba dogo la nyumbani kama lako, mwenyewe alikuwa na kuku na nguruwe 5 na mbuzi na kondoo, na wakaguzi walieleza kwamba wanyama walikuwa wanatumia maji, mabanda na vifaa vya pamoja. Kuku walipothibitika kuumwa ndo wakawapima na nguruwe, wawili wakakutwa na kirusi. Wale nguruwe hawakuwa na dalili hata moja. Indonesia nako watafiti waliwakuta nguruwe 52 katika majimbo manne wana H5N1 kati ya 2005 na 2007 na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaonyesha mafua, na kirusi kimoja kati ya vilivyochukuliwa kilikuwa kimeshaanza kuutambua ule mlango wa binadamu. Kwahiyo ukiniuliza kama nguruwe wako wameambukizwa, kuwaangalia tu na kusema wanakula vizuri hakutoshi, lazima wapimwe.

Ila usife moyo dada, kuna upande wa pili. Nguruwe hapati H5N1 kirahisi kama kuku, wengi inawapita, na wale wa Oregon walipochunguzwa kirusi chao hakikuonyesha mabadiliko ya kukifanya kisambae kwa watu. Na zaidi ya hapo bado hatujajua kuku wako wamekufa na nini. Kuharisha kijani na vifo vya ghafla ni picha ya mdondo kabisa, mnaouita kideri wengine, na ndo unaomaliza kuku wa vijijini kwetu mwaka hadi mwaka. Jiulize mara ya mwisho umechanja lini, ile chanjo ya tone la jicho inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu, watu wanachanja mara moja wanasahau. Tatizo ni kwamba upanga wa zambarau, kichwa kuvimba na damu kuvilia miguuni ni dalili za mafua ya ndege pia, na mdondo mkali na mafua ya ndege kwa macho havitofautishwi, hata mimi niliyesomea siwezi kuvitofautisha bila maabara. Na hao bata wako wazima ndo wananitia wasiwasi zaidi ya wafu, maana bata anaweza kubeba kirusi cha mafua ya ndege akakimwaga kwenye kinyesi na majini huku anatembea vizuri tu. Wanashinda jaruba moja na ndege wa porini halafu usiku wanalala na kuku. Januari 2017 Uganda ilianza hivyohivyo, ndege wa porini wakaonekana wamekufa kando ya Ziwa Victoria maeneo ya Lutembe, na kuku na bata wa kufugwa huko Masaka nao wakakutwa nayo, nchi jirani zikafunga mipaka kwa kuku wa Uganda.

Kwahiyo mpaka maabara iseme vingine, fanya kama ni mafua ya ndege.

Bwana mifugo muite, na umuite leo. Naelewa unachokiogopa na sitakuficha, ikithibitika ni mafua ya ndege kuku na bata waliobaki watauawa, ndivyo inavyofanyika dunia nzima. Lakini ikiwa ni mdondo utakuwa umeokoa waliobaki na hofu yote imeisha. Mwambie unahitaji sampuli ziende TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na mwambie kuhusu nguruwe kula wale kuku ili na wao wachukuliwe sampuli ya puani. Akikwambia ni mdondo tu bila kupima, mshikilie kwa heshima mpaka apime.

Yule mnunuzi wa Mbeya mwambie hapana. Najua ada inadaiwa na najua bei ya kutupa ni afadhali kuliko sifuri, ila ukiwapakia nguruwe wanne kwenye gari hujui unapeleka nini kwenye machinjio na mabanda ya watu wengine, na mtu wa kwanza kupumua hewa yao ni yule dereva na yule mchinjaji ambao nao wana watoto. Na wewe ukiuza leo hutajua kamwe kama mwanao alikuwa hatarini au la. Usiuze mayai wala kuku waliobaki pia. Nyama ya nguruwe mzima iliyopikwa ikaiva haina shida ya mafua, nyuzi joto 70 inakiua kirusi, hatari ipo kwenye kushika, kuchinja na kusafirisha.

Na yule anayesema chinja wote uchome naye usimsikilize. Misri mwaka 2009 waliua karibu nguruwe laki tatu kwa hofu ya ile homa, wakati hakukuwa na nguruwe hata mmoja nchini aliyekutwa nayo, familia maskini zilizokuwa zinaishi kwa hao nguruwe zikabaki hazina kitu na ugonjwa ukaingia vilevile kwa kupitia watu. Nguruwe wako mpaka sasa hawana kosa lolote, kosa lipo kwenye mabanzi yanayovuja na maiti wanaotupwa.

Wale kuku wanaokufa, bwana mifugo akishachukua wa sampuli, wengine wachomwe. Vitabu vingi vitakuambia chimba shimo refu, lakini Kyela mnapoijua wenyewe ukichimba mita moja maji yanatoka, utakuwa unazika ugonjwa ndani ya kisima. Chagua sehemu ya mwinuko mbali na maji, weka kuni na pumba za mpunga, choma mpaka iwe majivu. Anayefanya kazi hiyo avae gamboti, mifuko mikononi kama hana glavu, barakoa au kitambaa kizito puani, na akimaliza aoge kwa sabuni na nguo zifuliwe. Sabuni ya kawaida inakiua hiki kirusi, watu wanaidharau kwasababu ni rahisi. Jiki nayo inafaa ila osha kinyesi kwanza, ukimwagia juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu.

Bata wafungiwe leo kabla jua halijazama, na wasilale na kuku. Watapiga kelele siku mbili tatu, waache, wape maji ya kisima kwenye karai. Nguruwe nao wahamishe kutoka chini ya banda la kuku hata kama ni kwa kamba na mti wa mwembe kwa muda, halafu mume wako akija banda jipya lijengwe mbali, mahali ambapo kinyesi cha kuku hakiwezi kufika kwa upepo wala kwa maji ya mvua. Hiyo mbolea wasiile tena. Wakiugua na kufa haraka na miili ikiwa na wekundu masikioni na tumboni, usifikirie mafua kwanza, inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haiambukizi watu lakini inafagia zizi zima na haina dawa, mwite bwana mifugo tena.

Sasa baba mkwe. Sitakuambia uvunje heshima ya kwenu, na wala huhitaji. Mpigie simu mumeo usiku huu, msomee barua hii, yeye ndo aongee na baba yake mwanaume kwa mwanaume, na asianze na wewe umesema nini, aanze na mjukuu anayekohoa. Mama mkwe naye kaa naye jikoni umweleze yote, wazee wengi wanayapokea kwa mke wao yale ambayo wasingeyapokea kwa mtu mwingine. Na bwana mifugo akifika muombe amueleze mzee yeye mwenyewe palepale bandani, kwa upole, maana mzee hakufanya ubaya, alikuwa anaokoa mali ya mwanae kwa ujuzi aliokuwa nao.

Na wakati hayo yanasubiri, fanya hili ambalo halihitaji kuongea na mtu. Ile ndoo moja iache iwe ya kuku peke yake na isitoke bandani. Tafuta ya pili ya nguruwe, funga kipande cha kanga nyekundu kwenye mkono wake, na iweke pale mlangoni kwenye njia ambayo mzee anapita alfajiri. Kuku wafu uwahi kuwaokota wewe jioni ukifunga na usiku kabla ya kulala, ili yeye akiamka asikute cha kutupa.